Kufundisha kwa tatizo katika darasa la wanafunzi 70: mwongozo kamili, kuanzia kuandika tatizo hadi kusahihisha

Walimu wengi wa shule za msingi wameshajaribu kufundisha kwa tatizo, yaani kuwapa wanafunzi tatizo la maisha halisi walitatue kwa vikundi huku wakijifunza mada. Semina imeisha, mwalimu amerudi darasani, amegawa vikundi, ameandika swali ubaoni na kusema "jadilianeni". Baada ya dakika kumi wanafunzi wawili wanafanya kazi, wanne wanawatazama, waliobaki wanapiga soga. Kengele inalia mwalimu akiandika jibu ubaoni mwenyewe. Kesho yake anarudi kwenye kukaririsha kanuni, na siwezi kumlaumu: muhtasari ni mrefu na mtihani hausubiri.

Nikiulizwa palipoharibika, huwa nataja mambo mawili. Kwanza, swali lile halikuwa tatizo. Lilikuwa zoezi la kitabuni lililovishwa kikundi. Pili, hakuna mwanafunzi aliyejua kwamba mwishoni ataulizwa peke yake. Mwongozo huu unakaa zaidi kwenye hayo mawili. Mengine, kama kupanga madawati, utayaweza bila mimi.

Mfano ninaoutumia ni mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: Hisabati ya madarasa ya juu ya shule ya msingi, mada za eneo, ujazo na asilimia, na tatizo la maji ya kunawa mikono shuleni. Namba zote unaweza kuzibadilisha zilingane na shule yako.

## Andaa hivi kabla ya wiki kuanza

- Vipindi saba vya dakika 40 ndani ya wiki mbili. Viwili kati yake vifuatane siku moja, kwa ajili ya kazi ya nje.
- Karatasi ya manila moja kwa kila kikundi na maka peni. Zikikosekana, upande wa nyuma wa kalenda za mwaka uliopita unatosha kabisa.
- Futi kamba. Kama hakuna, chukua kamba ya katani na kuifunga fundo kila baada ya mita moja.
- Trei yenye pande zilizonyooka, rula na chupa ya lita moja.
- Wastani wa mvua wa kila mwezi kwa eneo lako. Ulizia Mamlaka ya Hali ya Hewa au kwa afisa ugani wa kata. Usikadirie kichwani: Dar es Salaam hupata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, Dodoma chini ya 600, na tofauti hiyo hubadilisha jibu lote.
- Ridhaa ya mwalimu mkuu. Mweleze kwamba darasa litatoka nje na litakuwa na sauti. Akikuta kelele bila taarifa, kazi yako itaishia hapo.

## Hatua ya 1: Anza na muhtasari, kisha ndiyo utafute tatizo

Wengi huanza na tatizo linalowavutia, halafu wanahangaika kulipachika kwenye mada. Geuza mpangilio. Fungua azimio la kazi, tazama mada za wiki mbili zijazo, andika pembeni ni stadi gani hasa mwanafunzi lazima aziweze. Kwa mfano wetu ni tatu: kutafuta eneo la mstatili, kubadili vipimo vya ujazo kuwa lita, na kutafuta asilimia ya kiasi.

Sababu ni hii: mada isipobanwa namna hiyo, wanafunzi watatatua tatizo kwa akili ya kawaida bila kugusa hesabu unayotaka waijue. Watafurahi, watachangamka, na kwenye mtihani watakosa.

Usichague mada ambayo ni mpya kwa asilimia mia. Mwanafunzi asiyejua kabisa kuzidisha desimali hatajifunza kuzidisha desimali kwa kutazamana na wenzake. Chagua mada ambayo nusu yake wameigusa mwaka uliopita.

## Hatua ya 2: Andika tatizo lenye kichwa na mguu

Hapa ndipo kazi nyingi huvunjika, kwa hiyo tulia hapa.

Tazama swali hili: "Paa la jengo lina urefu wa mita 18 na upana wa mita 8. Tafuta eneo lake." Hilo ni zoezi. Lina jibu moja, namba zote zimetolewa, na mwanafunzi mmoja anaweza kulimaliza wenzake wakiangalia dirishani. Kulifanya kwa kikundi ni kupoteza muda wa watu watano.

Sasa tazama hili:

*Shule yetu ina wanafunzi 600. Bomba hukauka siku kadhaa kila wiki, na siku hizo watu hutoka chooni bila kunawa mikono. Tuseme kamati ya shule imepata fedha za kununua tangi moja la lita 5,000 na gata za kukinga maji ya mvua kwenye jengo moja tu. Andikeni pendekezo la ukurasa mmoja kwa kamati: tangi liwekwe kwenye jengo gani, maji yake yatumike kwa kazi zipi, na yatatosha miezi ipi ya mwaka. Kila mnachopendekeza kiwe na hesabu yake.*

Kuna mambo manne yanayolifanya kuwa tatizo kweli, nawe uyatumie kupima lolote utakaloandika.

Namba muhimu hazipo. Hakuna vipimo vya paa, hakuna kiasi cha mvua, hakuna kiasi cha maji anachotumia mtu mmoja. Wanafunzi lazima wagundue kwamba wanazihitaji.

Kuna kikomo. Tangi moja, jengo moja. Bila kikomo, kila kikundi kitaandika "tununue matangi kumi" na mjadala utakufa.

Majibu yanaweza kutofautiana na yote yakawa na hoja. Kikundi kimoja kitasema maji yawe ya kunawa tu, kingine kitataka na ya kusafishia vyoo. Hesabu ndiyo itakayowapatanisha.

La nne ni kwamba kuna mtu wa kuandikiwa. "Kamati ya shule" ni watu wanaojulikana; baba wa mmoja wao huenda ni mjumbe. Mwaliko wa mjumbe mmoja kuja kuona kazi siku ya maonesho hubadilisha kabisa jinsi wanafunzi wanavyoandika.

Tahadhari: kama fedha hizo hazipo, sema "tuseme" kama nilivyoandika. Usiwadanganye watoto kwamba tangi linakuja. Wakigundua, tatizo lako linalofuata hawataliamini.

Umefaulu hatua hii ukimpa mwalimu mwenzako alisome na akaanza mwenyewe kuuliza: "Lakini paa lipi? Na mvua ya mwezi gani?"

## Hatua ya 3: Litatue wewe kwanza, mpaka mwisho

Kaa na daftari ulitatue lote. Usiishie kwenye "nalijua". Ukilitatua utaona mahali ambapo wanafunzi watakwama, na hayo ndiyo maandalizi halisi ya somo.

Kwa jengo la mita 18 kwa 8, eneo ni mita za mraba 144. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Kwa hiyo kila milimita ya mvua huleta lita 144. Toa asilimia 20 kwa maji yanayoruka, yanayovuja na yale ya mwanzo yanayomwagwa kwa sababu yamebeba vumbi na kinyesi cha ndege. Zinabaki lita 115.2. Tangi la lita 5,000 linajaa kwa mvua ya milimita 43 na kitu.

Mwezi wenye milimita 150, paa hilo hutoa lita 17,280. Mwezi wa kiangazi wenye milimita 5, hutoa lita 576.

Sasa matumizi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza lita 5 kwa mtu kwa siku katika shule ya kutwa. Wanafunzi 600 wanahitaji lita 3,000 kila siku: tangi lililojaa halifiki siku mbili. Lakini kama maji ni ya kunawa tu, kwa kibuyu chirizi (chombo kinachochiriza maji kidogo kidogo), na ukakadiria lita 1 kwa kila mwanafunzi, ni lita 600 kwa siku, na tangi linakwenda siku nane. Kwa siku 22 za masomo ni lita 13,200, na mvua ya milimita 150 inazitosheleza endapo inanyesha kwa kuachana.

Umeona tatizo linavyofunguka? Mwezi wa masika kikwazo ni tangi, maji yanamwagika. Mwezi wa kiangazi kikwazo ni mvua. Mwanafunzi anayelifikia hilo kwa hesabu zake ameelewa ujazo kuliko aliyekariri "urefu mara upana mara kimo".

Sasa orodhesha mitego. Katika tatizo hili kuna mitatu ya uhakika:

1. Watataka kupima mabati yenyewe, kwa mwinuko wake. Mvua haijali mwinuko. Kinachohesabika ni eneo ambalo paa linafunika likitazamwa kutoka juu. Linapimwa ardhini, kutoka chini ya ncha ya bati upande mmoja hadi chini ya ncha ya upande wa pili.
2. Paa lina pande mbili. Gata ikiwekwa upande mmoja tu, unakusanya nusu: lita 57.6 kwa milimita badala ya 115.2.
3. Watachanganya milimita za mvua na mililita za maji. Karibu kila darasa hufanya hivyo.

Andika mitego hiyo kwenye andalio la somo. Usiwaambie wanafunzi. Utaihitaji katika hatua ya 7.

## Hatua ya 4: Vikundi vya watano, na kila mtu ana namba

Wanafunzi 70 wanatoa vikundi 14. Ukiweka watu kumi kwa kikundi utapata vikundi saba rahisi kuvizungukia, na wanafunzi 35 waliolala. Watano ndio ukubwa ninaoutetea, hata kama madawati yanabana.

Panga wewe mwenyewe, usiwaache wachaguane. Changanya wanaofanya vizuri, wa kati na wanaosuasua. Kisha wape namba 1 hadi 5 ndani ya kikundi, na kila namba iwe na kazi: mwenyekiti, katibu, mtunza muda, mpimaji na mhakiki wa hesabu. Kazi zibadilike kila kipindi.

Mambo mawili ya kuangalia kwa ukali. Mwanafunzi hodari kuliko wote asishike kalamu kipindi cha kwanza. Akiishika, kikundi kimekwisha. Na angalia kama wasichana ndio makatibu na wavulana ndio wenyeviti kila unapotazama. Hutokea bila mtu kupanga, ndiyo maana kazi zinafuata namba badala ya hiari.

Mapema kabisa, siku hiyo ya kwanza, tangaza hivi: "Mwishoni kila mtu atajibu swali lake peke yake. Na wakati wowote nitataja namba, mwenye namba hiyo ndiye atakayejibu kwa niaba ya kikundi." Sentensi hizo mbili huamsha watu kuliko ukali wa aina yoyote.

## Hatua ya 5: Kipindi cha kwanza ni cha safu tatu tu

Soma tatizo kwa sauti. Mwanafunzi mmoja alisome tena. Mwingine alieleze kwa maneno yake bila kuangalia. Usiendelee mpaka huyu wa tatu ameweza, kwa sababu nusu ya vurugu za vikundi hutokana na watu kutoelewa wanachoulizwa.

Kisha kila kikundi kichore safu tatu kwenye daftari la katibu:

Tunachojua | Tunachohitaji kujua | Tutakipata wapi, na nani atakifuata

Wape dakika tatu za kimya, kila mtu aandike mawili yake kwenye daftari lake. Baada ya hapo ndipo waongee, dakika kumi na tano. Kimya hicho cha mwanzo usikiruke. Kinampa mtoto mwoga kitu cha kusema, na kinamzuia msemaji kuteka kikundi kabla wenzake hawajafikiri.

Usijibu swali lolote la hesabu katika kipindi hiki. Wakiuliza "Mwalimu, paa lina mita ngapi?", jibu: "Andikeni safu ya pili." Itakuuma, hasa ukiona kikundi kimekwama. Vumilia. Tafiti za mtaalamu wa elimu Manu Kapur, zikiwemo alizozifanya katika shule za Singapore, zimeonyesha kwamba wanafunzi wanaohangaika kwanza na tatizo kisha wakafundishwa huelewa dhana kwa kina zaidi ya wanaofundishwa kwanza kisha wakapewa mazoezi. Kuhangaika huko kuna kazi, mradi kuwe na mafundisho baadaye.

Dakika kumi za mwisho, taja namba. "Namba nne wote, simameni." Kila mmoja ataje jambo moja kutoka safu ya pili ambalo halijatajwa. Andika ubaoni orodha moja ya darasa zima. Nakili orodha hiyo. Ndiyo mpango wako wa kipindi kinachofuata.

Umefaulu ukiona kwenye orodha: ukubwa wa paa, kiasi cha mvua, maji anayotumia mtu mmoja, na angalau kitu kimoja ambacho hukukifikiria. Ukiona orodha ina majibu ("tununue tangi kubwa") badala ya mahitaji, uliza: "Mmejuaje kwamba litatosha?" Watarudi wenyewe kwenye safu ya pili.

## Hatua ya 6: Sasa fundisha

Ndiyo, simama mbele ufundishe. Watu wengi wameambiwa kwamba katika njia hii mwalimu hafundishi, naona hilo ndilo kosa lililoharibu jina lake. Mwaka 2006 Paul Kirschner, John Sweller na Richard Clark waliandika makala iliyojadiliwa sana wakieleza kwamba mwanafunzi asiye na msingi akiachwa bila mwongozo hulemewa, akili yake hujaa kabla hajajifunza kitu. Nakubaliana nao kuhusu hatari hiyo. Dawa yake ni somo fupi, linalofika wakati wanafunzi wameshaliomba.

Chukua dakika ishirini za kipindi cha pili. Fundisha tu vile ambavyo orodha ya jana ilionyesha wanavihitaji na hawawezi kuvipata wenyewe. Katika mfano huu, kikubwa ni milimita ya mvua.

Chukua trei yenye sentimita 40 kwa 25. Mimina lita moja ya maji. Mwanafunzi apime kina kwa rula: sentimita 1, yaani milimita 10. Uliza: trei kama hii ngapi zinajaza mita moja ya mraba? Kumi. Basi kuijaza mita ya mraba kwa kina cha milimita 10 kunahitaji lita 10, na kwa milimita 1 ni lita 1. Acha wafike wenyewe kwenye hiyo sentensi ya mwisho. Ukiwahi kuitamka umewanyang'anya.

Kama chini ya trei hapako sawa kabisa, kina kitapungua au kuzidi kidogo. Jaribu nyumbani kwanza.

Dakika zilizobaki, mazoezi matatu mafupi daftarini, kila mtu lake, ukipita kuangalia. Wape pia takwimu za mvua za kila mwezi na kiwango cha lita 5. Hizo ni taarifa, na hakuna faida ya kumwachia mtoto wa kijijini azitafute wakati hana pa kuzipata. Bei za matangi au gata wanaweza kuziulizia wenyewe kwenye duka la vifaa vya ujenzi.

## Hatua ya 7: Kupima nje, na maswali ya kuuliza ukipita

Kabla hawajatoka, masharti matatu: hakuna anayepanda juu ya paa, ukuta wala mti, kila kikundi kina jengo lake la kuanzia ili wasirundikane kwenye futi kamba moja, na monita anapiga filimbi ya kurudi. Sharti la kwanza lirudie. Kuna mvulana atakayetaka kupanda "kupima vizuri", na ni yuleyule aliyenaswa na mtego wa mwinuko.

Vikundi vikiwa 14, dakika mbili kwa kila kimoja ni dakika 28. Huna zaidi ya hapo, kwa hiyo nenda na maswali yaliyo tayari na uyaulize kwa namba, kwa mfano namba 5 ajibu:

- Namba hii mmeitoa wapi?
- Kama mvua ingekuwa nusu yake, jibu lenu lingekuwa lipi?
- Gata mmeiweka upande gani wa paa? Maji ya upande wa pili yanakwenda wapi?
- Mnaamini jibu hili? Kwa nini?

Swali la tatu ndilo linalofichua mtego wa pili. Liulize, kisha ondoka. Ukibaki pale watakusoma usoni watafute jibu kwako. Ukirudi baada ya dakika kumi utawakuta wamegawanyika na wanabishana. Hiyo ndiyo sauti unayoitaka.

Je, mmoja akikwama kabisa? Mpe kidokezo kimoja, kidogo kuliko unavyodhani anahitaji. "Chora paa likitazamwa na ndege" kinatosha kwa mtego wa mwinuko.

Umefaulu ukiona vikundi viwili vilivyopima jengo moja vina vipimo tofauti na vinarudi kupima tena bila kuagizwa.

## Hatua ya 8: Pendekezo la ukurasa mmoja

Kipindi cha tano ni cha kuandika. Manila iwe na sehemu tatu: pendekezo letu, hesabu zetu, na jambo ambalo bado hatuna uhakika nalo. Sehemu ya tatu wataipuuza, isisitize. Kikundi kinachoandika "hatujui kama bati lililotoboka linapoteza zaidi ya asilimia 20" kimefikiri kuliko kilichopamba manila kwa maua. Urembo usipewe alama hata moja, na uwaambie mapema.

## Hatua ya 9: Maonesho badala ya mawasilisho 14

Vikundi 14 vikija mbele mmoja mmoja, utamaliza vipindi vitatu na wa mwisho hatasikilizwa na mtu. Bandika manila ukutani, ndani na nje ya darasa. Taja namba moja, tuseme 2. Namba 2 wote wabaki kwenye manila yao kueleza. Waliobaki wazunguke kusoma na kuuliza, dakika nne kwa kila kituo, vituo vitano. Kwa kuwa hakuna aliyejua ni namba ipi itatajwa, kila kikundi kitakuwa kimemwandaa kila mtu. Ukitaja mapema, umeharibu zoezi lote.

Anayezunguka aandike kwenye daftari lake hesabu moja aliyoikubali na moja anayoitilia shaka. Bila hilo watatazama tu.

Malizia kwa dakika kumi na tano za darasa zima. Chukua mapendekezo mawili yanayopingana, uyaweke mbele, na uliza ni hesabu ipi iliyowatenganisha. Mara nyingi ni makisio ya matumizi: lita 1 au lita 5. Hapo ndipo wanafunzi wanaona kwamba hesabu sahihi mbili zinaweza kuleta maamuzi mawili, kutegemea ulichokisia mwanzoni. Kisha wewe mwenyewe funga dhana ubaoni: eneo, ujazo, lita, asilimia, kwa maneno ya kitabuni. Mtihani utauliza kwa maneno hayo.

## Hatua ya 10: Swali la mtu mmoja mmoja

Kipindi cha saba. Kila mtu na karatasi yake, kimya.

*Paa la nyumba ya mwalimu linafunika mita 10 kwa mita 6. Mvua ya milimita 25 imenyesha, na asilimia 20 ya maji imepotea. (a) Ni lita ngapi zimekusanywa? (b) Je, pipa tupu la lita 1,000 litafurika? Kwa lita ngapi? (c) Mwenzako anasema paa lenye mwinuko mkali zaidi, likifunika eneo lilelile, lingekusanya maji mengi zaidi. Mweleze kwa sentensi mbili kwa nini anakosea.*

Majibu: (a) lita 1,200, (b) ndiyo, kwa lita 200, (c) angalia kama ametaja eneo linalofunikwa.

Alama 6 kati ya 10 zitoke hapa, 4 kwenye kazi ya kikundi. Najua wapo wanaopenda kinyume chake. Lakini alama za kikundi zikiwa nyingi, asiyefanya kazi analipwa na aliyefanya anachukia, na mara ya pili utakapogawa vikundi utawapata wote wawili wamekata tamaa.

Sahihisha (c) kwanza. Waliopata (a) na kukosa (c) wanajua kukokotoa bila kuelewa; waliopata (c) na kukosa (a) wanahitaji mazoezi ya desimali tu. Hao ni watu wawili tofauti, na wiki inayofuata wapewe kazi tofauti.

## Matokeo ya kutarajia kwenye mtihani

Mwaka 2003 Filip Dochy na wenzake walichambua tafiti 43 za njia hii, nyingi za vyuo. Waliona faida ya wazi kwenye uwezo wa kutumia maarifa. Kwenye mtihani wa kukumbuka maarifa yenyewe, waliojifunza kwa tatizo walielekea kuwa nyuma kidogo, ila walichojifunza walikikumbuka kwa muda mrefu zaidi.

Kwa shule ya msingi nasoma hilo hivi: usifundishe muhula mzima kwa matatizo. Tatizo moja kubwa kwa kila muhula, mawili ukiwa na uzoefu, kwenye mada zinazofungamana na maisha. Mada nyingine fundisha kama kawaida, na baada ya kila tatizo weka angalau kipindi kimoja cha maswali ya mtindo wa mtihani kwa mada ileile. Mitaala iliyoboreshwa iliyoanza kutumika Januari 2024 inadai umahiri, na hapa unaupata, lakini mtoto anakwenda pia kukaa kwenye chumba cha mtihani peke yake na penseli.

Uchangamfu utauona mapema zaidi: maswali mengi, watu kubaki baada ya kengele. Mtazame hasa mwanafunzi ambaye huwa hanyoshi mkono.

## Ikikwama

Kelele zimezidi. Angalia kwanza kama ni kelele za kazi. Kama sivyo, simamisha wote, taja namba, mmoja kutoka kila kikundi aseme wamefika wapi. Kunyamaza kutakuja kwenyewe.

Kikundi kimemaliza mapema. Kibadilishie sharti: fedha zinatosha matangi mawili ya lita 2,000 badala ya moja la 5,000. Je, wangebadili pendekezo?

Wanafunzi wanasubiri jibu lako. Kawaida kwa mara ya kwanza, hasa darasa lililozoea kunakili ubaoni. Litapungua kwenye tatizo la pili kama katika la kwanza hukulegea.

Vipindi saba havipatikani. Punguza tatizo, usipunguze hatua. Kata majengo, wape vipimo vya paa tayari, waulize tu kuhusu matumizi ya tangi. Safu tatu na swali la mtu mmoja mmoja vibaki hata kama una vipindi vitatu.

Ni kiangazi, mvua hakuna. Takwimu za mwaka zinatosha, na swali la "miezi ipi" linanoga zaidi mtoto akiwa anatazama bomba kavu.

Baada ya kusahihisha, tunza manila tatu nzuri, orodha ya mitego na karatasi yako ya majibu ndani ya faili moja, na uandike juu yake mada, darasa na vikundi vilikokwama. Mwakani badilisha jengo na takwimu za mvua, tatizo litakuwa jipya kwa darasa jipya, na maandalizi yako yatakuwa ya jioni moja.